Mshale wa Verner

Mume wangu Verner alikuwa seremala mwana wa seremala, mzaliwa wa Thy, pwani ya Denmark yenye upepo usio na adabu, ambako mtu haongei mpaka aulizwe mara mbili. Alikuwa na miaka thelathini na minne watu wa chuo kikuu cha Copenhagen walipomtafuta awatengenezee masanduku ya kusafirishia barafu kutoka Greenland. Akawatengenezea. Walipoona hakuna sanduku lililopishana na jingine hata kwa unene wa ukucha, wakamwomba aende nao kiangazi kimoja akawasaidie kuikata barafu yenyewe. Kiangazi kimoja kikazaa ishirini na sita.

Mimi nilikuwa mpishi wa kambi. Wiki mbili za kwanza Verner aliniambia neno moja tu, tena lilihusu viazi. Nikajisemea, huyu ama ni bubu ama ni mjanja. Kiangazi cha tatu tukaoana, na watoto hatukujaliwa.

Kambi ilikuwa juu kabisa ya barafu kuu, ambako kiangazi jua halitui na huoni hata nzi. Kazi ilifanyika chini, kwenye handaki lililochimbwa ndani ya theluji, baridi yake ya kuvunja meno. Mashine ilishuka shimoni na kupanda na gogo la barafu lenye unene wa paja la mtoto. Likilazwa mezani, Verner alilipima, akalikata vipande vya urefu uleule, chini kidogo ya futi mbili, na kila kipande akakichora namba na mshale. Mshale ulionyesha upande uliokuwa juu, uliotazama mbinguni.

Mtu anaweza kucheka, mshale ni kazi gani. Lakini barafu ile ni theluji iliyorundikana mwaka juu ya mwaka na kushindiliwa, na kila mwaka una utepe wake, na ndani ya utepe mna vumbi na hewa ya mwaka huo. Ukishuka unarudi nyuma. Ukikigeuza kipande umewaweka wajukuu mbele ya babu yao. Pale barafu ilipovunjika yenyewe hakuna shida, maana vipande vinashikana kama vigae vya sahani. Kipande kilichokatwa kwa msumeno pande zote mbili ni laini huku na laini huku, na mle handakini kinachokujulisha juu na chini ni mshale peke yake. Ndiyo maana sheria ya handakini ilikuwa mshale kwanza, msumeno baadaye.

Verner aliishika sheria hiyo kama Mluteri aishikavyo Jumapili. Kwenye daftari la kambi palikuwa na safu ya pembeni ya kuandika mashaka: hapa sina hakika, hapa pakaguliwe. Wengine waliijaza. Safu ya Verner ilikuwa nyeupe kurasa zote, na aliionea fahari, ingawa asingekubali ukimwambia.

Kisha akaja Nivi. Alikuwa binti wa miaka ishirini na sita kutoka Sisimiut, mji wa pwani ya Greenland, mwanafunzi, mcheshi, mfukoni hakosi samaki mkavu. Aliyokuwa akiyatafuta yalikuwa chini sana, kwenye barafu ya mwisho wa baridi kuu, ile enzi ya barafu ya maelfu ya miaka iliyopita. Ilikuwa imeshajulikana kwamba baridi ile haikuondoka polepole. Ilikatika. Nyuzi kama kumi za joto zilipanda katika muda wa mtoto kuzaliwa, kukua na kuoa. Nivi alitaka kujua ilikatikaje, mwaka kwa mwaka, na alijua akilipata hilo jina lake litakaa mahali.

Alimpenda Verner, na Verner alimpenda kama binti yake. Alimtengenezea kigoda cha kukalia handakini kwa mabaki ya mbao za masanduku.

“Verner, leo umesema maneno mangapi?” Nivi alimchokoza kila asubuhi.

“Manne.”

“Hilo la tano.”

“Basi umenimalizia ya leo. Rudi kesho.”

Sasa niseme habari ya Jumamosi. Kambini siku sita watu walinuka mafuta ya mashine, lakini Jumamosi kila mwanamume alivaa tai, hata kama ni juu ya sweta la wiki nzima, na mimi nilichoma nguruwe wa ngozi kavu, kabichi nyekundu, na viazi vya mchuzi wa kahawia. Aliyefika mezani wa mwisho alisimama juu ya stuli akaimba wimbo mzima, kisha akaosha masufuria. Verner angekubali kuosha masufuria ya kambi mwaka mzima. Kuimba mbele za watu kulimtia hofu kuliko nyufa za barafu.

Jumamosi hiyo nilishuka hadi mlango wa handaki nikagonga sufuria. Wote walipanda isipokuwa yeye.

“Verner! Ngozi inalainika huku!”

“Nakuja. Kalamu imeganda.”

“Kalamu haina njaa. Profesa tu ndiye hajaketi, bado anatafuta tai. Akikutangulia unaimba, na mimi sikutetei.”

“Dakika moja.”

“Dakika yako naijua, ina watoto na wajukuu. Panda!”

Akapanda. Tai alikuwa ameshaivaa chini ya ovaroli, masikini, tangu asubuhi. Profesa Eskild, mkuu wa kambi, ndiye aliyefika wa mwisho, akaimba vibaya mpaka Nivi akalala juu ya meza kwa kicheko. Tulikula, tukanywa, tukakaa kama saa mbili. Verner akashuka peke yake kufunga kazi, akarudi, akalala.

Baada ya hapo ilipita miaka miwili. Barafu ilisafirishwa hadi Copenhagen, ikahifadhiwa kwenye ghala la baridi, na Nivi akakaa maabara akikata vijiti vyembamba kutoka kila kipande na kuvipima vumbi, maana miaka ya baridi ina vumbi jingi na ya joto ina vumbi dogo. Jioni moja alikuja kwetu na keki mkononi, hakuvua hata koti.

“Joto lilipiga hodi mara mbili!” alisema. “Gerda, sikia. Baridi, baridi, baridi, kisha ghafla vumbi linaisha, joto limeingia. Miaka michache tu, linatoka! Baridi inarudi zaidi ya miaka kumi. Halafu joto linaingia tena, na safari hii limekuja na mizigo yake yote. Hakuna mtu duniani aliyewahi kuliona hilo.”

Nilimkumbatia, tukazunguka jikoni kama wehu. Verner alikuwa na mkate mdomoni.

“Kipande gani?” aliuliza.

Nivi akamtajia namba. Verner akatafuna mpaka akamaliza.

“Hongera,” alisema.

Nivi akaisoma kazi yake mbele ya wataalamu wa nchi nyingi. Wenye barafu zao kutoka mashimo mengine wakatazama, na kwao hodi ilikuwa moja tu. Kisha bwana mmoja mwenye macho makali akaonyesha kwamba ile hodi ya kwanza na baridi iliyoifuata zote zilianza na kuisha mlemle ndani ya kipande kimoja, kutoka msumeno hadi msumeno. Ukikigeuza, alisema, kila kitu kinanyooka.

Eskild akawaita Verner na Nivi ofisini kwake.

“Verner, nisamehe kwa swali hili,” alisema. “Inawezekana kipande kiligeuka kule kambini?”

“Kwangu hakikugeuka.”

“Basi. Angekuwa mtu mwingine ningesema twende ghalani tukakague. Kwa Verner sikagui.”

Nivi alimgeukia Verner akamtazama, akingoja labda aongeze neno. Verner hakuongeza. Alikuwa na sifa ya kutoongeza.

“Basi ni mimi,” Nivi akasema. “Nitakuwa nimekigeuza kijiti wakati wa kukata.”

Alasiri hiyohiyo Verner aliingia ghalani peke yake. Ubao wa barafu uliobaki wa kipande kile ulikuwepo, akautoa, akauweka mbele ya taa. Barafu ya miaka ya vumbi ina michirizi kama maziwa kwenye chai. Akauunganisha na jirani yake wa juu na jirani yake wa chini, michirizi ikakataa. Akaugeuza. Ikakubali yote, kama mlango uliorudi kwenye fremu yake. Akasimama nao mpaka vidole vikafa ganzi. Halafu akaurudisha sandukuni vilevile, na mshale wake uleule.

Nivi akaifuta kazi yake. Kwa haki, hakuna aliyemfukuza. Waliomzunguka walimwambia makosa ni ya binadamu, aendelee. Alijaribu mwaka mmoja. Akawa kila anachopima anakipima upya, kisha anarudia tena, kijiti anakishika mpaka kinaanza kuyeyuka mkononi. Mwishowe akaaga, akarudi kwao. Siku aliyoondoka Verner alimbebea maboksi hadi kwenye gari na kuyafunga kamba mwenyewe.

Usiku huo mezani mimi nilisema, “Masikini Nivi. Lakini kazi ile inataka mikono ya uhakika.” Nililisema hilo kwa kinywa changu, na mume wangu akanipitishia chumvi.

Tuliishi hivyo miaka kumi na mitano. Verner alistaafu, wakampa saa na hotuba, na Eskild akasema katika hotuba hiyo kwamba nusu ya elimu ya tabia ya nchi imesimama juu ya mshale wa seremala kutoka Thy. Watu walipiga makofi. Niliona machozi kwenye macho ya Verner na nikadhani ni ya furaha, maana mke naye ana siku zake za upofu.

Novemba moja tukaenda kumzika mmoja wa wachimbaji wa zamani. Baada ya maziko tukaketi kula mkate wa samaki heringi, watu wakaanza hadithi za kambi, na mmoja akasema, “Mnamkumbuka yule binti aliyegeuza enzi ya barafu miguu juu kichwa chini?” Meza nzima ikacheka. Nilimwona Verner naye anacheka.

Tulipofika nyumbani nikaanza kumenya viazi. Verner akaketi mbele yangu na koti lake mwilini.

“Kile kipande nilikigeuza mimi,” alisema.

Sikuelewa. “Kipande gani?”

“Cha Nivi. Jumamosi ile ulipogonga sufuria. Kalamu iligandia mkononi, nikakata bila mshale, nikasema nitauchora sasa hivi. Kalamu nikaitia kwapani ipate joto. Kipande nikakiweka kwenye meza ya pembeni nikaja kula. Niliporudi nikakitazama. Nilidhani nakumbuka.”

“Ulidhani?”

“Nilisimama muda wa kuvuta sigara nzima. Sikuwa na hakika. Nikachora.”

“Na daftari? Si kulikuwa na ile safu ya mashaka?”

“Ilikuwa nyeupe, Gerda. Miaka yote ilikuwa nyeupe.”

Halafu akanieleza habari ya ghala na taa, na hapo ndipo kisu kiliponitoka mkononi. Kukosea kwa sababu ya kalamu iliyoganda ningeweza kukumeza. Hata mimi nilikuwa na mkono wangu mle, mimi na sufuria yangu. Lakini alijua. Alilala kitanda kimoja nami miaka kumi na sita anajua, na mimi nikimsema mtoto wa watu mezani.

“Na leo ukacheka,” nilimwambia.

“Nilicheka.”

“Ulicheka vizuri, Verner. Hata mimi uliniridhisha.”

Sikumsemesha siku tatu, na kumnunia mtu wa Thy ni kazi bure, maana anaweza kudhani ni mapumziko. Siku ya nne nikamwekea karatasi na kalamu mbele yake. Akamwandikia Eskild, ukurasa mzima, barua ndefu kuliko zote alizopata kuniandikia mimi. Jibu likaja upesi na kwa upole. Verner rafiki yangu, aliandika Eskild, usijisumbue uzeeni. Ubao uliobaki ulikwishakatwa kwa vipimo vingine na hakuna kilichosalia cha kutazama. Jambo lenyewe limeshasahaulika. Na hata Nivi mwenyewe alikubali kuwa ni yeye.

“Basi twende kwake,” nilisema. “Majuto ni mjukuu, na sisi wajukuu hatuna. Twende.”

Tukaenda Sisimiut mwezi wa tano. Nivi alitupokea bandarini akiwa na mvi pembeni mwa uso, akamkumbatia Verner mpaka kofia ikaanguka. Alikuwa mwalimu wa hesabu shuleni, mumewe yupo baharini na kamba zake za kuvulia halibati, samaki bapa wa huko. Akatukaribisha kahawa, samaki mkavu, keki aina tatu. Nilimwona akizima jiko, akirudi kuligusa, akirudi tena, mara nne, huku anaongea nasi kana kwamba mkono ule ni wa mtu mwingine.

“Haya mzee, umesema maneno mangapi tangu mpande ndege?” alimchokoza.

Verner hakutabasamu. Akaweka kikombe chini.

“Nivi, kile kipande nilikigeuza mimi. Kambini. Nilikata kabla ya mshale nikaenda kula. Eskild aliponiuliza nikasema uongo, kisha nikaenda ghalani nikautazama ubao kwenye taa, nikajua kabisa. Nikanyamaza. Hukukosea. Hodi ile ilikuwa kosa langu, na kazi yako yote nyingine ilikuwa safi.”

Sikuwahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo kwa pumzi moja. Nivi alimtazama, na nilijiandaa kwa kilio au matusi, na yote mawili yangekuwa haki yake.

“Hapana, Verner,” alisema polepole. “Mimi nakumbuka.”

“Unakumbuka nini?”

“Ilikuwa Alhamisi. Mama alinipigia simu, nikatoka nje ya chumba cha baridi kuongea naye. Niliporudi glavu ya kulia ilikuwa imelowa, nikakishika kijiti kwa mkono wa kushoto. Nakumbuka kilivyozunguka mkononi. Nakiona. Miaka kumi na sita nakiona kila siku nikiamka.”

“Hakikuzunguka.”

“Kilizunguka, mzee wangu.”

“Nivi,” nikaingilia, “nilikuwepo. Mimi ndiye niliyemwita. Alikiacha mezani hakina alama.”

“Wewe uliona kipande, Gerda? Ulishuka?”

Sikushuka. Niliishia mlangoni na sufuria yangu.

“Ule ubao upo bado?” Nivi akauliza. “Kama upo nitauona mwenyewe, na nitaamini.”

“Umekatwa,” Verner alisema. “Haupo.”

Nivi akatikisa kichwa, akamshika mkono kama ashikwavyo mgonjwa. Mbele ya Eskild, maneno mawili ya uongo yalitosha. Hapa alikuwa amemwaga ukweli wote mezani na haukuwa na wa kuuokota.

“Umetoka mbali kuja kunitua mzigo,” Nivi alisema. “Tangu zamani ulikuwa hivyo, hata kile kigoda ulinitengenezea bila kuombwa. Lakini mzigo ni wangu, nimeshauzoea. Kula keki.”

Verner akala keki. Sijui angefanya nini kingine. Nivi alitusindikiza hadi ngazi za mbao, akamfunga Verner vifungo vya koti hadi shingoni, na kumbusu shavuni.

Tulitembea hadi barabarani. Hapo nikamwambia, “Umesema, Verner. Ulichoweza umekifanya.”

“Nimeharibu zaidi,” alisema. “Sasa ananiona mtu mwema.”

Alikufa Februari iliyofuata, moyo. Nivi aliniandikia barua ya rambirambi, kurasa mbili. Anasema hakuna binadamu aliyewahi kumtendea wema kama ule wa mzee kuvuka bahari ili ajitwike kosa la mwenzake, na kwamba kila anaposhikwa na aibu ya zamani hulikumbuka hilo na kupata nguvu. Anauliza kama mimi nilijua mapema alichokusudia Verner kumwambia. Nimeanza kumjibu mara tatu.